Tundu la Tano

Jalada la kujifunzia aliletewa wiki mbili kabla ya uchaguzi, na tangu siku hiyo halikumtoka Fundi mkononi. Lilikuwa la plastiki ngumu, limekunjwa katikati kama daftari. Karatasi ya kura inaingizwa ndani, na upande wa juu una matundu matano yaliyoshuka kwa mstari, kila tundu na jina la mgombea pembeni yake kwa nukta nundu. Asiyeona anasoma jina kwa kidole, anapitisha kalamu kwenye tundu, anaweka alama ya vema, basi. Haongozwi na mtu wala hamwambii mtu.

"Wa kwanza Diwani," alisema asubuhi hiyo kibarazani, kidole kikishuka. "Wa pili Mwenye Malori. Wa tatu yule wakili. Wa nne simjui hata ni nani. Wa tano, mwisho kabisa, Nesi."

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa sababu ya wanawe wawili waliokwisha kuondoka nyumbani, alikuwa akifagia chini ya fremu ya kiti ambacho mumewe alikuwa hajamaliza kukisuka. Vipande vya kamba za plastiki viliufuata ufagio.

"Redioni wamesema Mwenye Malori ametolewa na mahakama," alisema.

"Najua. Katibu wa chama chetu ametuambia majalada mapya yatakuja siku yenyewe. Hili ni la kujifunzia tu."

"Haya."

"Ulikuwa na neno jingine?"

"Sina."

Akaendelea kufagia. Katika nyumba ile waliongea habari za wana wao, za maji, za bei ya kamba, na mara nyingine walicheka vizuri tu. Kura ndiyo hawakuigusa. Uchaguzi uliopita Mama Pacha ndiye aliyeingia na mumewe kwenye kituturi cha kupigia kura kama msaidizi wake, kama sheria ilivyotaka. Fundi alimnong'oneza, "Mpe Nesi." Jioni matokeo yaliposomwa, Nesi hakuwa na kura hata moja kituoni pale. Hata ya mtu mmoja. Mama Pacha alikuwa anafagia sokoni, na Bwana Soko, msimamizi wa soko, alikuwa amewaambia wafagiaji kwamba anajua ni nani kati yao ana mume au mzazi wa kusaidiwa, na anajua kuhesabu kura za Diwani. Alimweleza mumewe hayo usiku uleule, akilia. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umemaliza?" Hakusema tena neno juu ya jambo hilo kwa miaka mitano.

Alichofanya ni kujiunga na chama cha wasioona. Yeye na Katibu wao walipanda na kushuka ngazi za ofisi za tume mpaka mabawabu wakawazoea kwa sauti. Walipoambiwa hakuna fungu, walirudi. Walipoambiwa wataalamu wanalitazama, walirudi. Sheria ilipobadilishwa hatimaye, tume ilimpiga Fundi picha na kuibandika kwenye mabango kila kata, mkono wake juu ya jalada, na chini yake maneno: *Kura yangu, siri yangu.*

Mama Pacha alipita mbele ya bango hilo kila alfajiri akienda kazini.

* * *

Kituo kilikuwa darasani. Foleni ilizunguka jengo, ikaingia kwa mlango mmoja na kutokea mwingine. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu wa shule hiyohiyo, mtu mpole, koti limembana mabegani.

Mama Pacha alimwongoza mumewe hadi mezani, akamketisha, akapiga kura yake kwanza. Aliporudi kutoka kituturini alikuwa amebadilika sura, ingawa aliyepaswa kuijua sura hiyo hakuweza kuiona. Alimwinamia.

"Baba, ngoja kidogo. Karatasi ina watu wanne."

"Ndiyo. Mwenye Malori katolewa."

"Lakini jalada alilolishika Mwalimu lina matundu matano. Ni lilelile. Hawakubadilisha."

Fundi aligeuza uso kuelekea mezani. Nyuma yao foleni ilianza kusogea karibu, kama watu wasogeavyo penye maneno.

"Mwalimu," aliita. "Jalada hilo ni sahihi?"

Mwalimu alilitazama mkononi mwake. Aliyaona matundu matano. Akaitazama karatasi ya kura, akaona nyuso nne zilizopangwa juu na nafasi tupu chini. Alikuwa amekabidhiwa jalada ndani ya bahasha iliyofungwa, na alikuwa ametia saini kwamba vifaa vyote viko kamili. Mawakala wanne walikuwa wamemkodolea macho, kila mmoja na kalamu yake. Alitoka nje kupiga simu tume. Sauti ya upande wa pili haikumwacha amalize sentensi. "Usitutie aibu siku ya leo, Mwalimu. Endelea na utaratibu."

Akarudi.

"Limetoka tume, mzee wangu," alisema. "Nimekabidhiwa likiwa limefungwa."

Kila neno lilikuwa kweli, na Fundi aliyapokea maneno hayo kama jibu.

"Umesikia?" alimwambia mkewe.

"Nimesikia. Lakini lina matundu matano, baba. Yahesabu mwenyewe. Au niruhusu nisimame tu pembeni, nikuonyeshe..."

"Ahaa!" Fundi alisimama, na sauti yake ikajaa darasa. "Nilijua tutafika hapo. Unataka kuingia! Kura yangu ulishaila mara moja, mama, ukashiba. Na hii nayo unaitaka?"

Mtu mmoja kwenye foleni aliguna. Mwingine akacheka, na kicheko kikapita mlangoni hadi kwa wale wa nje ambao hawakusikia lililosemwa, nao wakacheka. Walikuwapo wafagiaji wenzake wa sokoni. Alikuwapo mwanamke wa duka la jirani. Mama Pacha alijifunga khanga yake upya, pole pole, kama ndicho alichokuwa amejia pale, akatoka kwa mlango wa pili bila kumtazama mtu.

Karani alimfikisha Fundi kwenye kituturi, akamwacha. Alikuwa bado na hasira. Wiki mbili alijiambia kwamba siku hiyo atasoma jina moja moja, kwa raha zake, kwa sababu ni mara ya kwanza maishani. Hakusoma jina moja moja. Kidole kilishuka moja kwa moja hadi chini, kikalikuta jina la Nesi, herufi kwa herufi, jina zima. Wa mwisho ni wa mwisho. Akaweka alama ya vema, akaikunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni mwenyewe. Mpiga picha wa gazeti alimwomba airudie ile ishara ya kutumbukiza, na Fundi akairudia huku akitabasamu.

* * *

Kura zilihesabiwa jua likishuka. Madirisha ya darasa yalikuwa wazi na watu walisimama nje kusikiliza, Fundi akiwa wa mbele, mkono kwenye nondo ya dirisha. Mwalimu aliinyanyua karatasi moja moja, akaionyesha kwa mawakala, akataja jina. Diwani. Diwani. Wakili. Nesi. Fundi aliitikia kwa kichwa kila Nesi alipotajwa, akijiuliza kama ndiyo yake.

Kisha Mwalimu akakawia.

"Hii imeharibika," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza wakala mmoja.

"Alama haiko kwenye kisanduku cha mgombea yeyote."

"Iko wapi?"

"Chini. Kwenye karatasi tupu."

Wakala aliichukua akaigeuza kwenye mwanga. "Vema nzuri kabisa hii! Imenyooka! Sasa huyu kampigia nani, sakafu?"

Walicheka mezani, wakacheka dirishani. Halafu kicheko kikafa kwa zamu, mtu mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyokumbuka yule aliyesimama mbele yao na mkono kwenye nondo. Katika kituo kile kulikuwa na mpigakura mmoja tu asiyeona. Kati ya karatasi zote zilizokuwa mezani, yake ndiyo pekee ambayo kila mtu alijua ni ya nani.

Fundi aliushusha mkono wake. Mtu akamwambia, "Pole, Fundi." Alijifanya hakusikia, akaanza kwenda nyumbani akigonga fimbo ukutani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alipitiliza kona ya kwake, akaambiwa na wapita njia arudi.

Mama Pacha alikuwa akikunja nguo kitandani. Alisikia fimbo ikiegeshwa pahala pake.

"Walikuwa wanne," alisema Fundi.

"Najua."

"Alama yangu imekwenda kwenye karatasi tupu."

Mama Pacha alikunja shati la mumewe, akalinyoosha kola kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine. Fundi alisimama mlangoni akingoja aambiwe kitu, hata tusi. Alichosikia ni nguo zikikunjwa.

* * *

Diwani alishinda. Siku ya tatu Katibu alikuja, ameshikwa mkono na binti yake, ambaye alimketisha kibarazani na kwenda kungoja barabarani. Katibu alikuwa na uoni kidogo wa mwanga na kivuli, na suti moja aliyoivaa kwa kila ofisi.

"Nimesikia ya kituoni kwako," alisema. "Umeongea na mtu wa magazeti?"

"Bado."

"Usiongee."

"Katibu, lile jalada lilikuwa la zamani. Nchi nzima, kila palipokuwa na mgombea aliyetolewa. Watu wetu wamepiga kura hewani."

"Nisikilize, ndugu yangu. Wale waliotupinga bungeni walisema nini? Kwamba hawa hawawezi. Kwamba ni kupoteza fedha za umma. Wamekaa wanangoja mmoja wetu afungue mdomo tu. Ukisema jalada limekosea, hawatalitengeneza. Watalifuta. Tukinyamaza, uchaguzi ujao tutawaambia kimyakimya warekebishe."

"Kimyakimya."

"Ndiyo. Mimi nimelala kwenye mabenchi ya ofisi zao, Fundi. Nimeambiwa nisubiri korido hadi watu wa usafi wakapiga deki miguuni mwangu. Usinibomolee kwa siku moja."

Mama Pacha alitoka na chai, akaweka kikombe karibu na mkono wa mgeni, akamgusisha kishikio. Katibu akashukuru, akanywa. Fundi akamuuliza taratibu:

"Wako alikuwa wa ngapi?"

Katibu alikaa na kikombe mdomoni.

"Wa tatu," alisema hatimaye. "Wakili. Tundu lake limeangukia kwa yule wa nne, nikampa yeye kura. Hata jina lake sikuwa nalijua." Akakitua kikombe. "Nimeshanyamaza, unaona? Inawezekana."

* * *

Tume iliita mkutano wa tathmini katika ukumbi wa hoteli. Fundi alialikwa kwa sababu ya bango. Alimwomba mkewe amsindikize, naye akaomba ruhusa kazini.

"Nenda," Bwana Soko alimwambia mbele ya wenzake. "Mumeo akitaka tena mtu wa kuona kwa ajili yake, nina watu wengi wenye macho mazuri." Siku hiyo ikakatwa kwenye mshahara.

Ukumbini kulikuwa na baridi ya mashine na viti vilivyovishwa vitambaa. Fundi, kwa mazoea ya kazi, alipapasa chini ya kitambaa chake, akakuta plastiki iliyopasuka. Ofisa mmoja alisoma kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, raia wasioona wamepiga kura ya siri, na makofi yakapigwa. Kisha Fundi akakaribishwa atoe neno la shukrani.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nashukuru kwa chai," alisema, na watu wakacheka. "Jalada mlilonipa lilikuwa na matundu matano. Karatasi ilikuwa na watu wanne. Kura yangu imeharibika, na za wenzangu zimekwenda kwa watu wasiowataka. Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ndiye peke yake ambaye hakupoteza kitu." Ukumbi ulitulia. "Mke wangu aliliona. Aliniambia kabla sijaingia. Nikamfukuza mbele ya watu na kumwita mla kura. Yuko hapa. Mama, naomba radhi."

Watu waligeuka kumtafuta huyo mama. Mama Pacha alikuwa amekaa safu ya nyuma karibu na mlango, mkoba mapajani, na macho yote yale yalipomfikia aliinamisha uso kama mtu aliyefumaniwa. Kipaza sauti kilikwisha kuzimwa. Ofisa alisema hoja imepokelewa. Katibu, aliyekaa meza ya mbele, hakugeuka kabisa.

Waliondoka pamoja, wakavuka barabara kubwa.

"Hukusema kitu," alisema Fundi.

"Niseme nini?"

"Nimekuomba radhi mbele ya ukumbi mzima, mama."

"Ulinitukana mbele ya watu wa mtaa wangu," alisema mkewe. "Radhi umeniomba mbele ya watu nisiowajua, waliovaa tai. Wale watarudi makwao. Mimi kesho nachota maji na waliocheka."

Asubuhi iliyofuata Fundi aliamka mapema kuliko kawaida, akafuata ukuta hadi kwenye bomba la mtaa. Alisikia ndoo, akasikia maneno yakipungua alipokaribia.

"Hamjambo, mama zangu. Mke wangu yupo?"

Hakuna aliyesema yupo wala hayupo. Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo.

"Siku ya kura nilimtukana Mama Pacha, na wengine mlikuwapo. Alikuwa anasema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Mwanamke mmoja alicheka kidogo, kwa aibu, akajizuia. Mwingine, mwenye duka, akasema, "Basi, Fundi, yamekwisha, utalowa hapo." Mkono ukamshika bega, ukamgeuza kuelekea kwake. Hakuwa mkewe. Mkewe alikuwa wa pili kwenye foleni, na ndoo yake ilipojaa alijitwisha akaondoka kwa njia ya nyuma.

* * *

Ripoti ya tume ilitoka na ikasomwa redioni. Ilisema kasoro ndogo zilijitokeza kwa sababu baadhi ya wapigakura wenye ulemavu hawakuelewa maelekezo. Kwa hiyo matumizi ya jalada yalisitishwa hadi utafiti utakapokamilika, na utaratibu wa msaidizi ukarejeshwa. Mabango yalibanduliwa, au yakaachwa yachakae yenyewe. Chama kilichagua mtu mwingine mahali pa Fundi. Halmashauri, iliyokuwa imeagiza viti vya ofisi zake kutoka kwake, ilituma mtu kuja kusema havihitajiki tena. Vinne vilikuwa vimeshasukwa, vikabaki kibarazani na watoto wa jirani wakavikalia.

Siku moja Katibu alikutana naye benki, akamtambua kwa mlio wa fimbo. "Nilikwambia," alisema tu. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi.

Haukupita mwaka, Diwani akapewa cheo kikubwa zaidi na kiti cha kata kikawa wazi. Ukatangazwa uchaguzi mdogo. Nesi alisimama tena.

Jioni moja, wakila, Fundi alisema, "Safari hii tutakwenda wote. Wewe na mimi."

Mama Pacha alimsogezea sahani. "Tutakwenda wote hadi mlangoni."

"Na ndani?"

"Ndani siingii."

"Nilikuomba radhi. Ukumbini na bombani."

"Nilikusikia, na radhi nimekupa, baba. Ya bombani ndiyo hasa niliyoipokea." Alisema hivyo kwa upole, na Fundi akajua hakuna mlango wa kurudia. "Lakini nikiingia, tukatoka, utaniuliza nimeweka wapi. Usiponiuliza kwa mdomo, utaniuliza kwa kunyamaza. Nimelala na ukimya wako miaka mitano kitanda kimoja. Siwezi kuurudia. Bwana Soko naye ameshaanza kutuhesabu. Nikifanya unavyotaka, nafukuzwa. Nikifanya anavyotaka yeye, nakupoteza wewe. Tafuta mtu mwingine."

"Nani?"

Mama Pacha alifikiri kwa dhati. Aliwapitia wanawe walioko mbali, majirani waliocheka, Katibu asiyeona.

"Sijui," alisema.

Siku ya uchaguzi Fundi alikwenda peke yake. Kwenye lango la shule walikuwapo watu wa Bwana Soko, wamevaa vizuri, wamepangwa kuwasaidia wazee na wasioona. Mmoja wao alimshika kiwiko kabla hajafika kwenye foleni. Mkono wake ulinukia manukato.

"Njoo, mzee wangu. Mimi nitakusaidia. Utaniambia tu unayemtaka."

"Nitakwambia?"

"Ndiyo. Ninong'oneze tu."

Fundi alisimama pale. Watu walimpita kushoto na kulia. Kwa ndani alimsikia Mwalimu akiita anayefuata, sauti ileile ya upole, na akafikiria kumwita, kumwomba yeye. Lakini alikumbuka jinsi kila neno la Mwalimu lilivyokuwa kweli siku ile. Akakitoa kiwiko chake mkononi mwa yule mtu, taratibu, akisema asante.

Mama Pacha alimkuta kibarazani aliporudi kutoka kazini. Alikuwa ameketi kwenye mojawapo ya vile viti vinne, mikono magotini. Alimsalimu, akajibiwa. Akauchukua mkono wake wa kushoto, akakinyoosha kidole cha mwisho, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga uliobaki. Kilikuwa safi, hakina wino wa mpigakura.

Alikaa nacho kidogo, kisha akakiachia.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

Akaingia ndani kuwasha jiko.